Januari Mosi ya Mjomba

Mimi ni mtu wa daftari, na watu wa daftari aghalabu hupatwa na aibu ambazo wasiojua kusoma wameepushwa nazo. Humo nimezipanga siku adhimu za mwaka, kila siku na kauli yake: 9 Desemba, tuliyopata uhuru mwaka 1961, nimeiandikia "Uhuru na Kazi", 8 Mei, aliyozaliwa Mzee Ali Hassan Mwinyi mwaka 1925, nimeipa neno lake kwamba kila zama na kitabu chake, wala siitwi katika hafla nikaenda bila ya kuchota humo.

Basi mjomba wangu alipotimiza miaka 80, ilhali kitambulisho chake chasema 1 Januari 1945, nilipanda kutoka Same hadi Mamba, nimebanwa baina ya gunia la mchele na jogoo wa mtu, nikiifurahia sadfa niliyoichukua: siku hiyohiyo, mwaka 1909, Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Tanga.

Makande yalipokwisha kuliwa na chai ya tangawizi kunywewa, nilisimama, nikakohoa kikohozi cha wasemaji, nikaitangazia hadhara kwa taadhima kwamba nyota iliyomwangazia malenga wetu ndiyo iliyomwangazia mjomba. Nikangoja makofi. Mzee mmoja akanyosha mkono, akasema hata yeye ni wa Januari Mosi. Akafuata wa pili, na wa tatu, hata nikahesabu malenga sita juu ya benchi moja.

"Mpwa wangu," akasema mjomba, huku akijifuta midomo polepole, "mimi nilizaliwa mahindi yakiwa mabichi, baba yangu yuko Same na wenziwe wakiikataa kodi ya mbiru. Hiyo Januari nilipewa na karani, naye alikuwa na haraka zake."

Kwa kuwa sisi Wapare twasimangwa kwamba huuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku, sikukubali kushindwa. Nikamjibu kwamba tarehe ya Shaaban Robert haina shaka, imepigwa chapa vitabuni. Mjomba akanitazama kwa huruma.

"Basi na huyo, mwulizeni karani wake."

Kicheko kile nadhani kilifika kilele cha Shengena. Ukurasa wa 1 Januari sasa una kauli moja tu, nayo ni ya mjomba. Nawe msomaji, kabla hujampa mzee wako nyota ya mtu mashuhuri, uliza kwanza mahindi yalikuwaje.