Pongezi kwa Kufufua Hongo: Barua ya Wazi kwa Meya wa Venice

Mheshimiwa Meya,
Jiji la Venice,
Italia.

YAH: PONGEZI KWA KUFUFUA HONGO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, kilembwe cha wapagazi. Nilipita mjini kwako Jumamosi moja ya Mei 2025 pamoja na rafiki yangu, Mgogo wa Dodoma, anayesoma Padova, nusu saa hivi kwa treni kutoka kwako. Fedha hatukuwa nazo. Tulikuwa na chapati sita, maharage kwenye kopo la plastiki, chupa mbili tupu na viatu vya kutembelea. Nakuandikia kukupongeza, na kukukumbusha jambo moja dogo ambalo naona wasaidizi wako walilisahau walipoiga sheria yetu.

Ndiyo, ni yetu. Usione haya, Mheshimiwa. Jambo jema huigwa.

Leo ukitamka neno hongo Dar es Salaam, watu wanageuka kuangalia nani anapokea na nani anarekodi. Zamani lilikuwa neno safi kabisa. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipoingia Ugogo ilisimama kwa kila mtemi, ikatoa vitambaa na shanga, ndipo ikafunguliwa njia. Huo ushuru wa kupita ndio uliokuwa hongo. Burton na Speke waliulipa mwaka 1857. Stanley aliulipa mwaka 1871, akaenda kuandika kitabu na kulalamika humo kama mtu aliyeibiwa ng'ombe. Kwa wasafiri wale, mtemi wa Ugogo aliyetoza mgeni kwenye ardhi yake mwenyewe alikuwa mlafi na mnyang'anyi. Baadaye wakaja Wajerumani, wakaifuta hongo kwa mtutu wa bunduki, na kabla karne haijaisha wakaleta kodi ya nyumba. Hiyo ikaitwa ustaarabu.

Basi pata picha ya furaha yetu tuliposikia kwamba tarehe 25 Aprili 2024 Venice imeanza kutoza hongo. Yuro 5 kwa mgeni anayekuja na kuondoka siku hiyohiyo, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi jioni, kwa siku 29 za mwaka ule. Mwaka uliofuata mkaongeza hadi siku 54, na anayechelewa kulipia mapema akapandishiwa hadi yuro 10. Mwaka wa kwanza peke yake mlikusanya takriban yuro milioni 2.4. Wala hakuna aliyewaita wanyang'anyi. Wataalamu wanasema ni usimamizi wa utalii. Watemi wetu waliponzwa na kitu kimoja tu: hawakuwa na mtaalamu wa kuwatafutia jina.

Mimi nilichelewa kulipia, nikatozwa 10. Mwenzangu, kwa kuwa ni mkazi wa mkoa wa Veneto, hadaiwi hata senti. Alicheka tangu Padova hadi treni ilipoingia kwenye lile daraja refu la kuvukia bahari.

"Miaka mia na hamsini na ushee," akaniambia, akifuta machozi, "na bado Mnyamwezi analipa, Mgogo anapeta."

Sikuwa na la kumjibu. Ningemjibu nini? Hata hiyo 10 haikuwa hongo ya kwanza. Msafara wangu ulikuwa umeshapita kwa mtemi mwingine, yule wa viza ya Schengen, ambaye Juni 2024 alipandisha chake kutoka yuro 80 hadi 90, na ambaye hakufungulii geti mpaka uonyeshe bima ya yuro 30,000. Nilipofika kwako, Mheshimiwa, nilikuwa nimeshazoea kutoa kwanza na kuuliza baadaye.

Mji wako ni mzuri. Nalisema hilo bila kejeli. Mtu anatoka kituo cha Santa Lucia akitegemea kukuta stendi, teksi na wapiga debe, anakuta ngazi pana zinashuka mpaka kwenye mfereji mkuu, na boti zinapishana pale ambapo kwetu zingepishana bodaboda. Mwenzangu, aliyekuja mara kadhaa, alininyamazia dakika nzima ili nishangae kwa nafasi. Kisha akanikumbusha kwamba kushangaa ni bure ila kupanda boti si bure.

Daladala yenu ya majini ni yuro 9.50 kwa dakika 75. Mwenyeji anapanda kwa 1.50. Gondola, kwa bei iliyopangwa na mji, ni yuro 90 kwa nusu saa mchana. "Kwa 90," akasema mwenzangu, "ningetaka nipewe na kasia niondoke nalo." Tukaamua kutembea. Venice ina madaraja zaidi ya 400, na kila daraja ni ngazi za kupanda na ngazi za kushuka, hivyo mtu asiye na nauli huijua kwa magoti.

Ila maskini hakosi mlango wa uani. Kando ya soko la Rialto tukagundua kwamba ziko gondola za kuvusha watu ng'ambo ya mfereji mkuu: yuro 2, mnasimama wima kama mko kwenye mwendokasi saa moja asubuhi, dakika mbili mmefika. Nilipiga picha. Picha haielezi safari ilikuwa ya muda gani, na ukoo mzima Tabora unajua nimepanda gondola.

Ilipofika saa saba njaa ikauma, tukatafuta pa kukaa. Hapo ndipo sheria zako zilipoanza kunena. Ngazi za uwanja wa San Marco hazikaliwi. Ngazi za madaraja hazikaliwi. Kutandaza chakula mahali pa wazi ni faini. Njiwa nao tangu mwaka 2008 hawalishwi, hivyo pale uwanjani tulikuwa viumbe wa aina mbili tuliokatazwa kula, tunatazamana. Nikaambiwa kisa cha watalii wawili wa Kijerumani ambao mwaka 2019 walikaa chini ya daraja la Rialto, wakawasha jiko lao dogo la safari na kujichemshia kahawa. Walipigwa faini ya yuro 950 na kufukuzwa mjini. Wao walikuwa wawili, sisi tulikuwa wawili. Wao walikuwa na kahawa, sisi tulikuwa na maharage. Tukapiga hesabu, tukafunga kopo.

Chapati tukazila tukitembea. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alinifunza kwamba anayekula huku anatembea ni mbuzi. Nilikula kama mbuzi, Mheshimiwa, nisivunje sheria ya mji uliostaarabika.

Katika kutafuna na kutembea tukasimama mbele ya dirisha la duka moja. Ndani, juu ya kitambaa cheusi, ulilazwa mkufu wa shanga kuukuu. Kila punje ilikuwa nyekundu kwa nje, lakini pale tundu la uzi lilipomegeka kidogo ungeuona moyo wake, mweupe. Kikaratasi kilisema ni shanga za biashara ya Afrika, kazi ya Venice. Bei yake ingetulisha siku tatu.

Nilizitazama kwa muda mrefu. Shanga za vioo za Venice zilishushwa Unguja, zikavushwa Bagamoyo, zikafungwa mizigo na kupanda bara juu ya vichwa na mabega ya Wanyamwezi. Nyekundu zikaitwa samisami. Hizo zilikuwa fedha. Kwa hizo ulinunua mtama, kwa hizo ulilipa hongo Ugogo, na njia ileile ilirudisha pwani pembe za ndovu. Sasa angalia mzunguko ulivyo. Mtemi alipotoza hongo, alipokea sarafu iliyotengenezwa mjini kwako. Wewe unapotoza hongo, napaswa kulipa kwa sarafu ya kwenu vilevile. Tangu wakati huo mpaka leo fedha ni yenu, mzigo ni wetu.

Mwenzangu, ambaye akisoma jambo hawezi kulala nalo peke yake, akanieleza kwamba shanga zile ndogo zilitungwa na wanawake maskini wa hapohapo Venice, wakiitwa impiraresse. Walikaa nje ya milango yao, trei ya mbao mapajani, sindano ndefu kadhaa mkononi kwa mpigo mmoja, wakichota shanga kama mtu anayechota mchele. Walikaa nje, Mheshimiwa! Kichochoroni! Leo wangeambiwa wainuke, wanaziba njia ya watalii.

Tukapita kiwanja cha San Bartolomeo. Pale kuna duka la dawa ambalo tangu mwaka 2008 limeweka dirishani kibao cha tarakimu za umeme kinachohesabu wakazi waliobaki katika mji wa visiwani. Mwaka 1951 walikuwa kama 175,000. Sasa hawafiki 49,000. Mwaka 2023 vitanda vya wageni viliwazidi wenyeji kwa idadi. Nimeona vibao vya kuhesabu magari na vya kuhesabu siku za mashindano, lakini kibao kinachohesabu watu wanaokwisha, na kimewekwa kwenye duka la dawa, hicho nilikiona kwako tu.

Hapo mwenzangu akaacha utani. "Hongo," akasema, "hutozwa na mtemi mwenye watu. Watu wakiisha, huyo si mtemi tena. Ni bawabu."

Nilikuwa bado naichezesha kauli hiyo kichwani tulipofika Castello, mbali na San Marco, kule ambako nguo zimeanikwa kutoka dirisha hadi dirisha juu ya njia. Chini ya daraja alisimama bibi mmoja, mfupi, na kikapu cha magurudumu kilichojaa viazi, vitunguu na chupa za sabuni ya maji. Alikuwa akizitazama ngazi kama mtu anayemtazama mdeni wake. Mwenzangu akamsalimia kwa Kitaliano. Mimi sikuwa na lugha, nilikuwa na bega. Nikakiinua kikapu, nikakipandisha, nikakishusha ng'ambo. Baada ya hapo kulikuwa na daraja la pili, na la tatu. Damu ya upagazi haipotei.

Njiani bibi akaeleza na mwenzangu akatafsiri. Zamani duka la mboga lilikuwa chini ya dirisha lake. Sasa pale wanauza vinyago vya kuvaa usoni, na yeye viazi anavifuata madaraja matatu. Wanawe wamehamia bara, Mestre, kwenye lifti na maegesho. Hakutulalamikia sisi wageni. Alisema tu kwamba yeye hapandi gondola wala hali vinyago, anakula viazi.

Tulipofika kwake akatushika mikono, akatupeleka hatua kumi hadi kiwanja kidogo chenye mti mmoja na bomba la maji linalotiririka mchana kutwa. Akatuonyesha chupa zetu: jazeni. Akatuonyesha benchi jekundu: kaeni. Kisha akaingia ndani, akarudi na machungwa mawili.

Tulikunywa, tukajaza, tukakaa. Maji yale ni ya bure na ni matamu, na hapo mji wako unastahili sifa. Ingawa, Mheshimiwa, kwa kuwa choo cha umma ni yuro 1.50, yafaa mgeni aelezwe mapema kwamba maji ya Venice hayalipiwi yanapoingia, hulipiwa yanapotoka.

Sasa ndilo lile jambo ambalo wasaidizi wako walilisahau. Hongo ya Ugogo ilikuwa na upande wa pili. Nchi ile ni kame. Aliyelipa hongo aliteka maji kisimani, akauziwa mtama, akapiga kambi. Neno la wapagazi lilikuwa moja: kutua. Unalipa ili utue mzigo, unyooshe mgongo, ule chakula chako umekaa kama binadamu. Ninyi mmechukua nusu ya sheria, ile nusu yenye fedha. Nimelipa 10 na kutua nikakatazwa. Aliyenitua ni bibi ambaye hakuona hata senti ya yuro yangu, na ambaye kesho kutwa atakuwa tarakimu moja iliyopungua kwenye kibao cha duka la dawa.

Kwa heshima hiyo naomba yafuatayo:

1. Kila mlipa hongo apewe haki ya kutua: benchi, kivuli, na ruhusa ya kufungua kopo la maharage bila kuogopa faini ya yuro 950.

2. Fedha ya hongo ipelekwe kwanza kwa wenye mji. Chini ya dirisha la bibi yule lirudishwe duka la mboga. Vinyago vya usoni vinaweza kufuatwa madaraja matatu; wanaovinunua wana miguu mizuri.

3. Siku kibao kile kitakaposoma sifuri, hongo isimame. Hakuna kupita kwa mtemi mahali ambapo hapana watu.

Nimalizie kwa kukuhakikishia kwamba sina kinyongo. Nitarudi, nitalipia mapema, nitaokoa yuro 5. Mwenzangu ameahidi kunisindikiza, bure kama kawaida yake, na chapati zitakuwa kumi, mbili kati ya hizo za bibi.

Wako mtiifu,

Mnyamwezi mpita njia,
Tabora.

Nakala:
Watemi wa Ugogo waliotangulia mbele ya haki, kwa taarifa na faraja.
Njiwa wa San Marco, ambao nao hawajala.