Chapati za Maji huku Malambo

Jumatano
Unga wa ngano umefika kutoka Karatu, kilo 2. Njiani ulikaa karibu na dumu la mafuta ya taa, na mfuko umelowa upande mmoja. Nimeketi kizingitini nikiuchota kiganja kwa kiganja, kila kiganja nakinusa kwanza. Nimepata vikombe vinne visivyo na harufu.

Jumapili baba wa watoto wangu anarudi kutoka vilimani. Nimewaahidi watoto chapati za maji, zile mama alizokuwa akitumiminia kwetu Muheza: nyembamba, zina hiliki, unazikunja mara mbili ndipo unachovya kwenye chai ya maziwa. Mkubwa ana miaka tisa na hajawahi kuzila. Hilo limenikaa moyoni muda mrefu.

Alhamisi
Maziwa hakuna. Ni Februari, nyumbu wanazaa huku tambarare, nami nilipanga kana kwamba ni Juni.

Ng'ombe akila majani pale walipo ndama wachanga wa nyumbu hushikwa na homa, pua zinachuruzika, macho yanaingia ukungu mweupe, na akishaugua hapo hakuna dawa ya kumponya. Kwa hiyo kila mwaka ng'ombe huhamishwa mapema kwenda vilimani, na baba wa watoto huenda nao. Majani haya mafupi, yaliyorutubishwa na majivu ya volkano, ndiyo matamu kuliko yote ya mwaka, na ndiyo tunayoyaacha. Wageni hupiga picha za ndama wa nyumbu wakisimama kwa mara ya kwanza. Ni kitu kizuri, hata mimi nimesimama kukitazama. Ila ningependa mtu apige picha pia ya kikombe cha chai ya rangi cha mtoto wa mfugaji mwezi huu huu.

Mama mkwe amenisikia nikilalamika. Jioni amekamua mbuzi wawili, akaniletea kibuyu. Hakikujaa hata nusu.

Ijumaa
Nimejaribu rojo kidogo. Vibuyu vya hapa husuguliwa ndani kwa kijinga cha oloirien, mzeituni wa porini, ili maziwa yakae bila kuharibika. Moshi umefunika hiliki kabisa. Mdogo, aliyezaliwa hapa, amelamba mwiko na kuomba tena. Mimi bado naitafuta hiliki.

Jumamosi
Mkubwa aliona kwenye simu ya mjomba wake chapati nene zilizoumuka, akaziomba. Nikamtuma dukani akalete baking pauda. Amerudi na magadi, kama yale tunayotilia maharage, na kwa kuwa yalikuwa yameshasagwa sikuangalia. Rojo likageuka manjano mbele ya macho yangu. Nikakaanga moja: ladha ya sabuni. Vikombe viwili vya unga vimekwenda kwa kuku, nao wamekula nusu.

Mtoto amelia. Nimemwambia chapati za maji hazihitaji kuumuka, kosa ni langu niliyemtuma.

Jumapili
Nimeamka saa kumi na moja. Unga uliobaki, vikombe viwili kasoro kidogo, yai moja, maziwa ya mbuzi yaliyobaki, maji, sukari, chumvi, punje zote za hiliki nilizokuwa nazo. Nimeliacha rojo nusu saa, madonge yalainike. Upepo ukaingia mlangoni, ukapuliza majivu ya mafiga hadi kwenye bakuli. Nimeyaengua kwa kijiko, mengine yamezama.

Ya kwanza ilinasa. Ya pili ikachanika. Ya tatu nikasubiri: uso ukakauka kutoka pembeni kwenda katikati, vitundu vidogo vikafunguka, ukingo ukajiinua wenyewe kama kona ya karatasi. Nikaigeuza. Harufu ya hiliki ikapanda juu ya moshi, nikaita watoto wote.

Zimetoka tisa nzima. Mama mkwe ameshika yake kwa mikono miwili, ametafuna polepole, akasema, "Hii meno yangu yanaiweza." Nimempa na yangu.

Baba yao amefika saa nne, amebeba kibuyu cha maziwa ya ng'ombe, kimejaa. Chapati zilikuwa zimeisha na unga umeisha. Watoto wamekunywa maziwa wamesimama, bila sukari, mpaka wakaacha alama nyeupe juu ya midomo.

Nimempa dereva aliyeleta unga pesa ya kilo 2 nyingine. Nimemwomba aziweke mbele, miguuni pake.