Fundi wa Nini, na Spana Unayo?

Ukishika breki ya mbele pale Mkomaindo, pikipiki ikainama kama inasujudu halafu ikasahau kuinuka, shokapu za mbele zimechoka. Dalili ya pili ni oil inayochuruzika kwenye bomba na kuokota vumbi lote la Masasi hadi Newala. Hatua ya kwanza, ambayo sote tumeipitia, ni kuifunga soksi. Kila upande moja, na ziwe za rangi moja, kwa heshima ya abiria.

Soksi itakufikisha kwenye msimu wa korosho, na hapo ndipo utakapoumbuka. Kupanda kwenda Newala na gunia nyuma si tatizo. Tatizo ni kushuka: uzito wote unakimbilia mbele, mtoto wa dada yako kakaa juu ya tangi, wewe umeng'ang'ania breki, na shokapu inagonga mwisho kila shimo. Kisha jioni unalaumu sili za Kichina.

Zipo sili ambazo hazijafa, zimebanwa na mchanga tu. Pandisha mpira wa vumbi, chukua kipande cha plastiki chembamba, kikate ncha kama ndoana, kipitishe kati ya sili na bomba ukikizungusha, mchanga utatoka. Mimi nilikata picha ya eksirei ya bega langu, niliyopigwa hospitali ya Mkomaindo baada ya kuamini soksi kupita kiasi. Haijapatikana plastiki bora kuliko hiyo.

Ikiendelea kuvuja, fungua. Weka kreti ya soda chini ya injini, toa tairi, toa madigadi. Watu waoga hulegeza kifuniko cha juu cha shokapu wakati bomba bado limebanwa kwenye pikipiki, na ile bolti ya chini huilegeza kabla ya kutoa springi, maana springi ndiyo inayozuia vyuma vya ndani visizunguke. Wewe si mwoga. Chomoa kila kitu kwanza, kisha uite jirani akubanie bomba kwa mapaja. Kifuniko kikiachia, springi itaruka. Anza kuitafuta kwenye mihogo. Bolti ya chini itazunguka na wewe mpaka adhuhuri.

Oil ya zamani itatoka nyeusi, inanuka kama samaki wa Mikindani aliyepanda basi la mchana. Usiimwage karibu na jiko la watu. Vyuma visafishe kwa dizeli, hasa kama uko Newala, ambako maji yenyewe yanasukumwa kwa pampu kutoka bondeni Kitangari na hayafai kupotezwa kwa upuuzi wako.

Sasa pitisha ukucha juu ya bomba, polepole. Ukucha ukikwama, hapo pana kutu au mkwaruzo, na sili mpya itachanika wiki hiyohiyo. Msasa laini wenye oil husaidia pakiwa padogo. Pakiwa shimo, nunua bomba. Najua hutanunua. Sili mpya ipake oil, uigongee polepole kwa kipande cha bomba la maji la plastiki kinachoenea sawasawa. Nyundo moja kwa moja ni kwa wanaopenda kununua sili mbili mbili.

Oil mpya ndiyo penye utamu. BMW ya Ujerumani ilipotoa R12 mwaka 1935, pikipiki yenye shokapu za mbele zinazotulizwa kwa oil, kipimo kilikuwa sehemu ya ufundi. Chako kimeandikwa kwenye kile kitabu cha pikipiki ulichofungia karanga. Tumia chupa ya dawa ya kikohozi ya mtoto, ile ya mililita 100, na pande zote mbili ziwe sawa. Ukikadiria kwa macho, upande mmoja utalegea na mwingine utakakamaa, na usukani utakuwa na maoni yake. Ukitia oil nzito ya injini kwa kuwa ilibaki, utapanda gogo la mpingo ambalo bado halijachongwa.

Kabla ya kufunga juu, vuta na usukume bomba mara kadhaa, hewa itoke. Usisahau ile wosha ya shaba ya bolti ya chini. Kama kuku kaimeza, oil itatokea huko.

Ukimaliza, jaribu hadi kona ya kwanza tu. Halafu isukume taratibu hadi kwa fundi wa barabarani, yule uliyemkwepa tangu Jumatatu. Atachuchumaa, atagusa bolti iliyoliwa pembe, atanusa kidole, atauliza bila kukutazama, "Kaka, hii nani kaifungua?"

Jibu linajulikana wilaya nzima: "Nimeinunua hivihivi, fundi."