Mtaro na Wageni Wake

Mtaro wa maji ya mvua, kama jina lisivyoficha, umechimbwa kwa ajili ya mvua. Lakini hapa kando ya Bwawa la Mtera mvua yenyewe ni mgeni wa Desemba hadi Aprili, tena huja kwa maringo. Miezi iliyobaki mtaro uko wazi tu, na sisi si watu wa kuacha kitu kikae bure.

Asubuhi anaanza mama lishe na beseni la maji ya vyombo. Shwaa! Anafuata muuza perege: magamba, matumbo, povu la damu. Saa saba kijana wa bodaboda anamwaga oili chafu, taratibu, kama anayetia maziwa kwenye chai. Ukimgusia, anakujibu kwa adabu zote: "Shikamoo mzee. Haya si majitaka, ni oili."

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka kibali kabla ya kutiririsha majitaka kwenye chanzo cha maji. Ile ya Mazingira ya 2004 inataka shughuli zikae mita 60 kutoka ukingoni mwa bwawa. Nasi tumetii: tunamwagia mita ya 61, kazi ya kufikisha tumewaachia mawingu, ambayo hayajawahi kuombwa kibali.

Basi mvua ya kwanza ikapiga, mzigo wote ukateremka bwawani, kwenye maji yaleyale yanayozungusha mitambo ya megawati 80. Siku ya pili nikanunua mafungu mawili ya perege. Walikuwa wamenona, sijui walikula nini.