Chale za Babu, Tatuu za Mjukuu

Tatuu ni wino uliopenyezwa kwa sindano hadi tabaka la pili la ngozi. Hina na piko hutia rangi tabaka la juu tu, ndiyo maana bibi harusi wa Dunda, Bagamoyo, hurudiwa na vidole vyake baada ya wiki mbili tatu. Tatuu haina fungate: seli za kinga humeza wino zikidhani ni adui, hushindwa kuusaga, kisha huulinda maisha yote.

Kupona kwa juu huchukua wiki mbili hadi nne. Mhusika huagizwa aepuke jua na maji ya bahari, vitu viwili ambavyo Dunda hutoa bure. Magamba huwasha wala hayakunwi. Shati nalo halivaliki, maana mchoro usioonekana ni hasara.

Mpenzi wa tatuu haridhiki na moja. Huanza na jina la mama, lisilo na hatari. Hufuata la mchumba. Kisha huja simba wa kulifunika la mchumba. Hivyo ndivyo mkusanyo unavyokua.

Wazee hulaani kuharibu mwili, huku chale za mganga, zilizosuguliwa dawa nyeusi, zikiwachungulia kifuani. Tofauti ipo: chale husemwa hufukuza balaa, tatuu hufukuza ajira. Matangazo ya nafasi za Jeshi la Polisi hutaka mwombaji asiwe na alama za kuchorwa mwilini. Hapo ndipo machale humcheza mwenye tatuu, wino ukiwa umeshakauka.