Kila Mtu Fundi

Gari likikataa kuwaka Laini Saba, betri haiwi na wakati wa kuisha. Faragha ndiyo inayoisha kwanza. Ukipiga stata mara mbili tu, watu wasiomiliki hata toroli wameshazunguka boneti.

"Hiyo ni betri, mzee," anasema kijana wa kuchaji betri. Stata inazungusha injini kwa nguvu, honi inaamsha majirani mpaka Mashimoni, lakini ni betri. Wa boda boda anaapa ni plagi, maana pikipiki yake haijui ugonjwa mwingine. Jirani yangu wa sukuma wiki haachi hata kukatakata: "Baba Kioko, kwani uliweka mafuta ya pesa ngapi?" Swali la matusi, ingawa ndilo pekee lililokuwa na akili.

Kinachonikera si maneno. Ni orodha. Makanika hajagusa hata skrubu, tayari amenitajia koili, plagi nne na waya zake, vyote vya kufuatwa Grogan (barabara ilibadilishwa jina kuwa Kirinyaga zamani, spea hazikuambiwa), na nauli juu yangu. "Tubadilishe tuone." Tuone kwa mfuko wa nani?

Na kupima hakulipiwi! Unachomoa waya wa plagi, unauvisha plagi ya akiba, unalaza chuma chake kwenye injini, mtu anapiga stata. Cheche ikiruka ya buluu, ikalia ta-ta-ta, acha mambo ya moto, kafuate petroli. Isiporuka, rudi nyuma hatua kwa hatua. Tulipima: kimya. Plagi zote nne, kimya.

Ikabaki waya mnene unaotoka kwenye koili. Hapo akajitokeza fundi wa sambaza, yule anayetuunganishia stima ya nyumba kwa kisu cha jikoni. Nikamwambia ashike kwa kitambaa kikavu. Akacheka. Yeye na volti 240 ni marafiki, hii ya volti 12 itamfanya nini? Sasa koili kazi yake ni kuchukua hizo 12 na kuzitoa zikiwa zaidi ya 20,000. Stata ikapigwa. Jamaa akaruka mtaro wa majitaka bila kukusudia, ndala moja ikabaki.

Basi koili nzima, plagi hazipati kitu: mwizi yuko katikati. Tukafungua kifuniko cha distributa. Ndani kulikuwa na jasho, baridi ya Julai hiyo, na ufa mwembamba mweusi ambao moto ulikuwa ukipitia kukimbilia bodi. Tukapangusa, tukakausha, gari likanguruma. Kifuniko kipya nitanunua. Orodha ile nyingine makanika abaki nayo.

Wote sasa wanasema walisema. Fundi wa sambaza amerudi na ndala yake, anadai mia tano: eti ndiye aliyepima koili.