Mkwe Hakatiwi Simu

Jumatatu jioni, jimu za mtaani Dar es Salaam ni kifua tu. Benchi ni moja, wanaolisubiri wamejaa mpaka mlangoni, na ile mashine ya miguu imeanikwa mataulo. Ukifika peke yako inabidi uazime mtu wa kukushikia chuma, na balaa huanzia hapo. Wenzangu wanaogopa kusukuma chuma bila msaidizi. Mimi namwogopa msaidizi.

Kuna yule anayekikamata chuma tangu kinapotoka kwenye ndoano, anavuta na mimi mpaka mwisho, kisha ananipigia makofi: "Zote zako hizo kaka, mimi nimegusa tu!" Kesho yake mgongo unamuuma yeye, kifua changu hakina habari. Huyo angalau yupo.

Aliyenitoa jasho ni jirani yangu mmoja, mtu wa adabu mno. Siku hiyo nilikuwa na kilo 60: chuma chenyewe 20, na sahani ya 20 kila upande. Kimeshuka, kimegota kifuani, kimegoma kupanda, mara simu yake ikaita. Akapokea.

"Shikamoo mama. Hamjambo huko? Mvua je?"

Nikamtolea macho. Akaziba simu kwa kiganja, akaniinamia. "Vumilia kidogo kaka, ni mama mkwe."

Sasa hapo utasema nini? Mkwe hakatiwi simu, hata mimi niliye chini ya chuma najua.

Pona yangu ni kwamba nikilala benchi sifungi klipu. Nikakiinamisha chuma kushoto, sahani ikateleza ikaanguka. Kulia, kulikobaki na uzito wote, kukashuka kwa kishindo, na sahani ya pili ikaviringika mpaka kwenye viatu vya watu. Nikamsikia jirani akisema, "Hapana mama, ni mafundi."

Siku hizi najishikia mwenyewe. Jimu zenye fremu ya kuchuchumalia hazina shida: unapachika vyuma vya pembeni chini kidogo ya kifua, unajaribu kwanza na chuma kitupu, na siku uzito ukikushinda unalegeza mgongo tu, mzigo unakaa juu ya vile vyuma, unajitoa. Kwetu havipo, fundi wa kuchomelea aliishia kwenye ndoano mbili. Kwa hiyo naacha ningali na nguvu ya kusukuma moja au mbili zaidi, na kidole gumba nakizungusha. Wapo wasiokizungusha, eti kifua kinakolea. Chuma kikiwaponyoka, chini yake kuna mbavu na koo.

Benchi likiwa na foleni nachukua vyuma vya kienyeji, yale makopo ya rangi yaliyojazwa zege kwenye ncha za bomba. Hayo hayatelezi hata uyaombe, kwa hiyo nalala sakafuni. Viwiko vinagota chini kabla bomba halijanikalia kifuani, napumzika, nasukuma tena. Tabu iko kwa watazamaji. Mtu mzima kalala chini, kafumba macho, bomba juu yake. Kila mgeni anauliza kama nimezimia. Juzi mmoja hakuuliza. Alinimwagia chupa nzima ya maji usoni, tena maji yenyewe yangu.